Puto linashuka, linarushwarushwa, linakataa uelekeo: utatuzi wa matatizo ukiwa unavuka Afrika kwa puto la gesi

Kabla hujagusa kamba ya vali, ule mlango wa juu wa kuachia gesi, wala mfuko wa mchanga, angalia saa. Naanza na hilo manake karibu kila tatizo la puto la gesi unaanza kulielewa ukijua limeanza saa ngapi, na wengi wetu tunakimbilia dawa wakati ugonjwa hatujaujua. Na dawa zenyewe ni mbili tu, unatupa mchanga unapanda, unaachia gesi unashuka, basi. Vyote viwili huwezi kuviongeza ukiwa angani, kwahiyo kila ukikosea chanzo unakuwa umelipia kosa kwa akiba ileile iliyotakiwa ikufikishe upande wa pili wa bara.

Safari ninayoizungumzia ni ile watu wameiota tangu katikati ya karne ya 19, kuruka kutoka Zanzibar, kupita juu ya bara zima na kutokea Atlantiki. Ramani za Ulaya zama hizo katikati zilikuwa nyeupe, wakaliita bara lisilojulikana, wakati misafara ya Waswahili na Wanyamwezi ilishaikanyaga njia ya Bagamoyo, Tabora mpaka Ujiji ikawa kama barabara, na Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 walipita humohumo, tena wakiwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay. Peupe palikuwa kwenye karatasi. Alafu mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith na wenzake Douglas Botting na Alan Root waliruka kweli kutoka Zanzibar na puto la haidrojeni walilolipa jina la Jambo, wakavuka bahari mpaka Tanganyika, na baadaye wakapita juu ya wanyama wa Serengeti. Kwahiyo kipande cha mwanzo kimeshafanyika, sio hadithi.

Mifano yangu yote hapa chini nachukulia puto la mita za ujazo 1,000 lenye haidrojeni. Kila mita ya ujazo inabeba kama kilo 1.1, jumla unanyanyua kama kilo 1,100, na humo ndani kuna kitambaa chenyewe, wavu, kikapu, watu, maji, chakula, na kinachobaki ndio mchanga. Mimi nimefanya kazi kikosi cha chini kwenye maputo ya watalii Serengeti miaka minne, yale ya hewa moto, hayo ni ndugu wa mbali wa puto la gesi ila hewa inayoyabeba ni ileile na makosa ya watu ni yaleyale.

Limeruka vizuri, dakika moja tu linaporomoka

Hii inatokea palepale mwanzoni na inatisha kuliko zote manake watu bado wanapunga mikono. Chanzo mara nyingi ni mnyanyuo wa uongo. Upepo ukipita juu ya puto lililofungwa chini unalivuta kwenda juu, puto linaonekana lina nguvu kumbe nusu ya nguvu ni upepo. Ukiliachia linaanza kwenda na upepo, tofauti ya kasi inakwisha, ule mvuto unapotea na puto linarudi chini likiwa na uzito wake halisi. Ukiwa umeruka kutoka nyuma ya jengo au miti mirefu ndo kabisa, manake linatoka kwenye kivuli cha upepo, linapigwa ubavuni juu ya paa, alafu linazama.

Hapo usijiulize mara mbili, tupa mfuko mzima, saa hiyo hakuna kubana matumizi. Ila dawa ya kweli iko kabla ya kuruka, pima uzito wakati upepo umetulia, na jipe kilo 20 au 30 za ziada za kunyanyukia.

Umeruka unakwenda baharini badala ya bara

Puto halina usukani. Linakwenda unakokwenda upepo wa kimo ulichopo, na kimo kingine kinaweza kuwa na upepo mwingine kabisa. Kwahiyo swali la kwanza ni msimu. Kaskazi ikivuma, kama Desemba mpaka Machi, kutoka Unguja unasukumwa kusini magharibi, unaelekea upande wa Ziwa Nyasa na Zambia. Kusi ikishika, kama Mei mpaka Septemba, unasukumwa kaskazini magharibi, unaelekea Kenya na Ziwa Viktoria. Katikati ya misimu hiyo ni maleleji, upepo hauna msimamo, na alfajiri upepo wa nchi kavu unaweza kukupeleka mashariki ambako mbele yako hakuna kitu mpaka mbali sana. Wavuvi wa pwani wanajua haya kuliko mtu yeyote mwenye tarakilishi, waulize, tena uwaulize zaidi ya siku moja.

Kule Serengeti kabla ya jua kutoka tulikuwa tunaachia kiputo kidogo cha heliamu chenye kitaa kwa chini, tunasimama gizani watu wanne shingo juu, hakuna anayeongea, tunafuata kile kitaa tu. Kinapanda kinaenda kushoto, kinafika mahali kinasita, alafu kinakata kulia kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Hapo ndo tunajua upepo unageuka mita ngapi. Fanya hivyohivyo Zanzibar. Na ukiwa tayari juu unataka kujua upepo wa chini yako unakwendaje, dondosha maji kidogo au hata tema mate, angalia yanapinda wapi.

Kitu kingine, ukiwa kwenye puto husikii upepo, unakwenda nao, hata mshumaa ungesimama wima. Ukihisi upepo usoni ghafla, kikapu kikaanza kuzunguka taratibu, maana yake umegusa tabaka lingine la upepo. Hilo sio tatizo, ni taarifa. Soma dira, andika kimo na uelekeo, manake baadaye utakitafuta hichohicho kimo.

Linapanda na kushuka, halitulii

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndipo mchanga mwingi unapopotea.

Elewa kwanza jinsi puto la gesi linavyosimama. Likijaa, kila likipanda hewa ya nje inakuwa nyepesi, gesi inatanuka, inatoka kwa shingo ya chini iliyo wazi, nguvu inapungua, linasimama. Kwahiyo juu kuna dari. Ila kwenda chini hakuna sakafu. Likianza kushuka gesi inabanwa, tumbo la chini linalegea, na hakuna kitu chochote cha kulisimamisha isipokuwa mchanga wako au ardhi.

Sasa mtu anaona sindano ya kipimo cha kimo inashuka, anaogopa, anamwaga mfuko mzima. Puto ni zito kama gari dogo, halijibu papo hapo, linaendelea kushuka sekunde kadhaa, anaona halijasikia anamwaga wa pili. Alafu linaitika kwa yote mawili. Linapaa, linapita pale lilipokuwa, linafika dari jipya, linatapika gesi, na sasa umepoteza mchanga na gesi kwa pamoja, na likianza kushuka tena unarudia. Kama kilo 11 kwenye puto letu, yani asilimia moja ya uzito wote, inakupandisha kama mita 80 ukiwa kimo cha chini. Kwahiyo ule mfuko wa kilo 15 ulioumwaga kwa hofu ni zaidi ya mita 100, na ya pili ni mita 100 nyingine.

Dozi sahihi inapimwa kwa kiganja. Chota, mwaga, hesabu mpaka 30 huku unaangalia variometa, kile kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka, kama bado chota tena. Mchanga uwe mkavu na uliochekechwa, ukilowa unaganda unatoka bonge, na bonge kutoka mita 1,000 linaua mtu chini.

Kama hukumwaga kitu na bado linarushwarushwa, angalia tena saa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kwenye nyika ardhi imechemka na hewa inapanda kwa nguzo nguzo. Ukiona tai wanazunguka bila kupiga mbawa, hiyo ndio nguzo yenyewe, na pembeni yake hewa inashuka. Puto linaingia linabebwa juu, linatoka linazamishwa. Hapa ukijibu kila mshuko kwa mchanga utafika Tabora mifuko imeisha. Vumilia kama kimo kinaruhusu, mshuko utakwisha wenyewe ukitoka kwenye hewa ile, au panda mapema juu ya kimo cha misukosuko ubaki huko mpaka alasiri iishe.

Na kuna kivuli. Wingu likikatiza jua gesi inapoa na unashuka, wingu likipita inapata moto na unapanda. Kabla ya kumwaga angalia juu, kama wingu ni dogo na kuna nafasi chini yako, subiri.

Linashuka lenyewe. Gesi inavuja au ni baridi tu?

Hili ndo swali ambalo nimeona watu makini wanalikosea, na majibu yake mawili yana dawa tofauti kabisa.

Mchana jua linaipasha gesi moto kuliko hewa ya nje. Jioni joto linaondoka. Gesi ikishuka nyuzi 10 tu za Selsiasi inasinyaa kama asilimia 3 na kitu, kwenye puto letu ni kama kilo 35 mpaka 40 za nguvu zinazopotea kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku. Hiyo ni kawaida, kila jioni. Sasa piga hesabu ya safari. Zanzibar moja kwa moja magharibi mpaka pwani ya Angola ni kama kilomita 2,900, kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa ni siku 4. Zanzibar mpaka pwani ya Senegali ni kama kilomita 6,600, ni siku 9. Machweo 9 peke yake yanakula karibu kilo 300 za mchanga, kabla hujakutana na tatizo lolote. Double Eagle II ilipovuka Atlantiki mwaka 1978, kutoka Marekani mpaka Ufaransa, ilikaa hewani saa 137 hivi, hazifiki siku 6. Ukiwa unataka Senegali kwa puto la gesi tupu jua unachokiomba.

Kutofautisha, weka daftari. Kila ukimwaga mchanga andika saa na kiasi. Baada ya siku moja mchoro unajionyesha wenyewe. Kama matumizi yamelundikana jioni na wakati wa mawingu, alafu kuanzia saa 4 usiku mpaka alfajiri puto limetulia halitaki kitu, ni baridi tu, puto lako zima. Kama saa 8 za usiku, hewa imetulia, hakuna wingu wala mvua, bado unamwaga kiasi kilekile kila saa, gesi inatoka mahali.

Anza na vali ya juu. Usiku kumetulia nyamazeni wote, sikilizeni, vali isiyokaa sawa inapuliza kama birika kwa mbali. Mara nyingi ni chembe ya uchafu au kamba imevutika kidogo kwasababu mtu ameitundikia koti. Legeza kamba kabisa, alafu vuta mara moja kwa nguvu na uachie ghafla ili ijipigize na kukaa upya. Utapoteza gesi kidogo, ni bora kuliko kupoteza usiku kucha. Baada ya hapo angalia shingo ya chini kama imekaa wima au imepinduliwa na upepo ikawa inachota hewa.

Kama ni mishono au kitambaa, huko juu hakuna cha kufanya, na hapa nawaombeni msikie kisa cha Andrée. Msweden yule aliruka kuelekea Ncha ya Kaskazini Julai 11 mwaka 1897 na puto la haidrojeni lililoitwa Örnen. Lilikuwa na matundu ya sindano kwenye mishono yanayokadiriwa milioni 8, na mwenzake Nils Ekholm alishapima uvujaji mwaka mmoja kabla, akaonya, akajitoa. Puto lilikaa hewani siku mbili na nusu hivi, likiwa limelemewa na barafu, na Julai 14 likatua kwenye barafu lisiinuke tena. Wote watatu walikufa, wakaonekana mwaka 1930 kwenye kisiwa cha Kvitøya. Uvujaji ulijulikana wakiwa bado chini. Kwahiyo jaza puto siku mbili kabla, libaki limefungwa kwenye banda, pima nguvu asubuhi na asubuhi saa ileile, na pitisha maji ya sabuni kwenye kila mshono. Kama inapungua kuliko ulivyotarajia, usiruke. Haijalishi nani amekuja kuangalia.

Na usisahau maji. Puto letu lina ngozi ya kama mita za mraba 480. Utando wa maji wa sehemu moja ya kumi ya milimita, yani unyevu tu ule wa kung'aa, ukilifunika lote ni kilo 48. Mvua ya dakika tano au umande mzito juu ya mabonde ya Kongo unaonekana kabisa kama kuvuja. Gusa kamba za wavu, kama zinatiririka chanzo umeshakipata, na jua la saa 2 asubuhi litakurudishia kila kitu bure.

Altimita inasoma 1,500 na miti iko miguuni

Altimita, yani kipimo cha kimo, haijaharibika. Inapima kutoka usawa wa bahari ulikoiweka, Zanzibar, na wewe sasa uko juu ya uwanda. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi, Tabora kama 1,200. Kwahiyo 1,500 yako ni mita 300 tu juu ya vichwa vya watu. Mchana utaona, usiku usio na mwezi ndo hatari. Sikiliza. Mbwa na majogoo wanasikika vizuri sana kutoka chini, ukianza kusikia mtu anakohoa uko chini mno.

Weka kwenye daftari vimo vya njiani kabla ya kuruka, Uluguru, kuta za Bonde la Ufa, na kama kusi imekupeleka kaskazini basi Kilimanjaro mita 5,895 na Meru. Nyuma ya milima, upande upepo unakoelekea, hewa inashuka kwa kishindo, pita juu sana au pita mbali.

Juu ya ziwa au msitu linazama

Maji na msitu mchana vinakuwa baridi kuliko nyika, ile hewa ya joto iliyokuwa inakubeba inaisha ukingoni. Ni mshuko wa muda, jiandae na viganja kadhaa kabla ya kufika ufukweni. Ila Ziwa Viktoria ni habari nyingine. Usiku pale ngurumo zinajikusanya juu ya maji, wavuvi wanakufa kwa dhoruba hizo kila mwaka, na puto la haidrojeni lenye wavu uliolowa halina biashara karibu na radi. Kama alasiri unaona ziwa mbele na mawingu yanasimama kama minara, tua. Upande huu huu wa ziwa. Ukiingizwa ndani ya wingu la radi utanyanyuliwa mpaka kwenye barafu, gesi yote itoke kwa shingo, alafu uachiwe, na hakuna mchanga wa kutosha duniani wa kuzuia mshuko huo.

Kamba ya kuburuza imenasa

Kamba hii, iliyoletwa na Charles Green wa Uingereza karne ya 19, ni akili nzuri sana, puto likishuka sehemu ya kamba inalala ardhini, uzito unapungua, puto linasimama bila kutumia mchanga. Juu ya bahari na nyika wazi inafaa. Juu ya msitu wa Kongo ivute ndani yote. Na karibu na makazi pia ivute, kamba ya kilo 50 ikipita juu ya paa la nyasi inaondoka na paa. Ikinasa, kikapu kitainama na puto litalazwa na upepo kuelekea chini, ukitupa mchanga wakati huo unajikaza zaidi kwenye kitanzi. Kata. Shoka liwe mahali mkono unafika gizani, alafu uwe tayari kwa kurushwa juu.

Halisogei, au linarudi lilikotoka

Katikati ya bara utakutana na siku za kusimama. Upepo wa chini Kongo unaweza kutoka magharibi, usoni kwako kabisa. Ukifika Sahel wakati wa mvua, Julai na Agosti, upepo wa chini unatoka kusini magharibi na unakurudisha Chad, ila juu, kama mita 3,000 mpaka 4,000 na kitu, kuna mkondo wa mashariki unaokwenda kasi kuelekea Atlantiki. Miezi ya kiangazi upepo wa harmatani unavuma chini kutoka kaskazini mashariki, unakupeleka ghuba ya Guinea, na vumbi lake litakuficha ardhi siku nzima. Kwahiyo ukiona umekwama panda kwa hatua za mita 300, simama kila hatua dakika kumi, soma uelekeo. Usipande mara moja mpaka juu, utapita tabaka zuri bila kulijua na gesi ukishaitapika hairudi.

Unajisikia raha kupita kiasi

Hii ni dalili, ichukulie kwa uzito wote. Kuanzia mita 3,000 na kuendelea ubongo unaanza kukosa oksijeni, na mtu hasikii maumivu, anasikia furaha. Anacheka, anaona kila kitu kiko sawa, kucha zinakuwa za bluu, mwandiko kwenye daftari unaharibika. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipanda na puto la Zénith zaidi ya mita 8,000, oksijeni walikuwa nayo kikapuni, mikono ikakataa kuifikia. Crocé-Spinelli na Sivel walikufa, Tissandier peke yake akashuka hai. Mwaka 1862 Mwingereza Glaisher alizimia kikapuni, na mwenzake Coxwell mikono yake ikiwa imeganda akavuta kamba ya vali kwa meno. Vaa barakoa kabla ya kufika huko, mpeane hesabu za kutoa na kujumlisha kila dakika kumi, na anayekosea mara mbili hana sauti tena juu ya kupanda, mnashuka.

Kwanini tusiipashe gesi moto tu, tusitupe mchanga?

Swali hili linarudi kila mara, na wazo lenyewe ni la zamani na zuri, badala ya kumwaga unapasha, badala ya kuachia unapoza. Ila kwa haidrojeni hapana. Pilâtre de Rozier aliunganisha haidrojeni na moto mwaka 1785 akitaka kuvuka kwenda Uingereza, puto likaanguka, akafa na mwenzake Romain. Hata bila moto, haidrojeni na umeme tuli wa nguo za nailoni vinatosha, vaa pamba. Kwa heliamu ndio inafanyika, Breitling Orbiter 3 mwaka 1999 ilizunguka dunia kwa karibu siku 20 ikiwa na heliamu na majiko ya propeni ya kupashia usiku, na kama nia yako kweli ni Senegali, mimi ningekushauri puto la namna hiyo bila kusita, hata kama ni ghali.

Watu wa chini wanakimbia, au wanakuja na silaha

Chanzo ni wewe hujatoa taarifa. Na lisisemwe kuwa ni ushamba wa Waafrika, puto la kwanza la haidrojeni, la Mfaransa Jacques Charles, lilipotua Gonesse karibu na Paris mwaka 1783 wanakijiji Wafaransa walilichoma kwa uma za shambani wakidhani ni zimwi, mpaka serikali ikabidi itoe tangazo la kueleza puto ni nini. Tuma habari mbele kwa redio za mikoani kwa lugha za huko, beba barua, salimia kwanza kabla ya kuomba msaada wa kushika kamba. Na vibali vya anga viwe mkononi nchi kwa nchi. Mwaka 1995 puto la mashindano ya Gordon Bennett lilitunguliwa na jeshi la Belarus, wakafa wawili. Kama kibali cha nchi ya mbele hakijafika tua upande ambao unacho.

Kutua: kikapu kinaburuzwa

Upepo ukiwa mkali nanga haitoshi. Le Géant, puto la Mfaransa Nadar, mwaka 1863 lilivunja nanga na kuburuta watu nyikani kule Hanover, wakavunjika miguu. Tumia kamba ya kupasua, ile inayofungua kitambaa chote juu, uivute ukiwa mita mbili tatu kutoka chini, mapema zaidi utaanguka, ukichelewa utaburuzwa. Magoti yakunjwe, mgongo uelekee unakokwenda, vichwa ndani. Chagua saa ya asubuhi mapema au saa 11 jioni, na nyika isiyo na miiba mikubwa, na uangalie wanyama.

Na kikigusa chini mtu asitoke. Kule Serengeti nimeona kwa macho yangu, kikapu kimetulia, abiria mmoja kwa furaha akaruka nje kwenda kupiga picha, na kikapu kikanyanyuka tena na wengine ndani, tukakimbia nacho karibu mita mia mbili tukining'inia kwenye kamba za pembeni mpaka rubani akamaliza kutoa hewa. Lile lilikuwa la hewa moto lililokwisha nguvu. Puto la gesi ambalo bado limejaa, mtu wa kilo 70 akitoka, waliobaki wanarushwa mita 500 na zaidi, bila mchanga na bila kamba ya kupasua kama ameshika yeye. Wote wanabaki ndani mpaka kitambaa kimelala ubavu na hakuna kinachopumua, ndipo wanatoka mmoja mmoja, wa kwanza akiwa yule aliye upande upepo unakotoka.